Mafunzo ya Nyumbani: Sala ya Mwenye Kushukuru



Alhamdulillahi, wengi wetu twasali. Lakini wapo wasalio kama mtu alipaye deni: aharakisha amalize, apate kwenda zake. Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa, Aya ya 142, amewaeleza wanafiki kuwa ni watu wainukao kwa uvivu wakati wa Sala. Simwiti mtu mnafiki, Mungu apishe mbali. Ila sifa hiyo yatupasa kuiogopa isije ikaingia nyumbani mwetu.

Basi furaha ya ibada yatoka wapi? Yatoka katika shukrani. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisimama usiku kusali hata miguu yake ikavimba. Bibi Aisha (R.A.) akamwuliza sababu ya kujitaabisha hivyo, na hali amekwisha kusamehewa. Jawabu lake lilikuwa kwamba ataka kuwa mja mwenye kushukuru. Tazameni! Hakutaja khofu wala deni. Na alipomwambia Bilal (R.A.) akimu Sala, aliitaja Sala hiyo kuwa ni raha.

Sisemi kwamba mwenye msiba acheke. Furaha ya ibada si kicheko; ni moyo kutulia kwa kujua umesimama mbele ya nani. Hata maskini aamkaye alfajiri, akaona pumzi anayo na watoto wamelala salama, ana la kushukuru kabla hajatia udhu.

Sasa tuwatazame watoto wetu. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, tumeagizwa tuwaamrishe Sala wafikapo miaka 7, na kutiwa adabu kwatajwa wafikapo miaka 10. Wengi huikumbuka ile 10 wakaisahau ile 7. Baina yake ipo miaka 3, na kwa Sala 5 kila siku, mtoto huitwa zaidi ya mara 5,000. Je, mara zote hizo tumemwita kwa neno gani, na kwa uso gani?

Mtoto aitwaye kwa makemeo kila siku hujifunza kuwa Sala ni adhabu. Siku atakapohama kwa baba yake, adhabu hiyo ataiacha mlangoni. Nimesomesha miaka mingi, na nimewaona: chuoni walikuwa hodari wa kuhifadhi, leo msikitini hawaonekani. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli; lakini kukunja si kuvunja.

Mtume (S.A.W.) alipata kusali na huku amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Mtoto huyo aliijua Sala angali begani kwa babu yake.

Basi enyi wazazi, leo Magharibi mwiteni mtoto kwa jina lake na kwa neno la upole. Mkisha kutoa salamu, kila mmoja ataje neema moja aliyoipata siku hiyo, na baba aanze. Nanyi vijana, msingoje kuitwa. Tangulieni kutandika misala, mkawaite wazee wenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe wenye kusimamisha Sala kwa nyoyo zenye shukrani. Amin.