Mwanafunzi Mpya Asiachwe Asome Peke Yake

Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, maelfu ya vijana wetu huingia vyuo vikuu kwa mara ya kwanza. Sisi tuliowasomesha, na hasa walimu waliowafundisha, huhesabu kwamba kazi yetu imekwisha: kijana amefaulu, mkopo ameomba, godoro amenunua. Tunalolisahau ni kwamba baadhi yao wataketi katika ukumbi wenye mamia ya watu, na muhula utafika katikati pasipo wao kumwambia mwenzao neno moja juu ya somo.

Tusiwalaumu kwa haraka. Haya hiyo tumewalea nayo wenyewe. Nyumbani mtoto mwema ni yule asiyedakiza maneno ya wakubwa. Shuleni tukampa namba: wa kwanza, wa tatu, wa arobaini, na aliyezoea namba huona kwamba kumfunulia mwenziwe asilolijua ni kumpa silaha. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora kitaifa, na kwa maoni yangu lilifanya jambo la busara, lakini tabia iliyojengwa kwa miongo haiondolewi na tangazo moja. Juu ya hayo kuna lugha. Kijana aliyeanza kusoma kwa Kiswahili huweza kulielewa swali barabara, na bado akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chake.

Gharama ya kunyamaza huko ilichunguzwa zamani huko Marekani. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza kwa nini Wamarekani Weusi wengi waliofika pale na sifa nzuri walikuwa wakianguka katika hesabu za mwaka wa kwanza. Wahadhiri walitaja umaskini, uvivu, malezi. Treisman hakuridhika. Aliwafuata wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina hadi mahali walipojisomea, akaona kwamba wale wa kwanza walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Wale wa pili walitumia saa kama 14 kwa juma: 8 hadi 10 peke yao, kisha wakakutana kulinganisha majibu na kusahihishana. Swali likiwashinda wote, walijua kwamba ni gumu kweli. Yule wa peke yake likimshinda, alidhani mjinga ni yeye.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mwanafunzi mwenye haya haangushwi na ugumu wa somo tu. Huangushwa na kudhani kwamba ukumbi mzima umeelewa isipokuwa yeye.

Mwaka 1978 Treisman akaanzisha vikundi vya hesabu. Hakuvifanya vya kuwasaidia walio dhaifu. Alivipa maswali magumu kuliko ya darasani, na waliojiunga matokeo yao yakapanda sana.

Basi kijana wa namna hii aanzeje? Asiambiwe asimame mbele ya ukumbi kuomba wenzake; hataweza, na si lazima. Amgeukie aliyeketi kando yake amwulize jambo dogo lenye mipaka: “Ndugu, lile swali la tatu umelipataje?” Wakishaelewana, wapange saa, mahali na swali la kukutania, kisha waongeze mtu mmoja au wawili. Wanne wanatosha. Wakifika kumi, mwenye haya atarudi kuwa msikilizaji. Kila mmoja aje akiwa amekwisha kujaribu, maana kuna vikundi ambamo mmoja huumiza kichwa na wengine huandika majina yao tu. Hivyo ni vikundi vya kunakili, na wahadhiri wanaovipa alama bila kuuliza nani kafanya nini ndio wanaovilea.

Na wajadili kwa Kiswahili wakitaka. Wapo wakubwa wa vyuo wanaolichukia hilo. Mimi silioni kosa: fikra ikinyooka kwanza, kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani huwa kazi ya pili, na nyepesi zaidi.

Mlimani hawakosi mfano. Wanafunzi wa USARF, kikundi kilichoundwa mwaka 1967 na kufutwa mwaka 1970, walikuwa na madarasa yao ya Jumapili ambayo hakuna mhadhiri aliyewaamuru kuyafanya. Na vimbweta vya saruji chini ya miti vipo hadi leo.

Lakini wengi wa vijana hawa hawalali chuoni. Hupanga vyumba Sinza, Changanyikeni na kwingineko, na jua likizama msichana huanza kufikiria basi. Kwa hiyo wakuu wa idara wagawe vikundi vya semina vya watu wanne wanne tangu juma la kwanza, na watenge saa moja ya mchana katika ratiba, pamoja na chumba kilicho wazi na ubao, ili kikundi kikutane kabla ya foleni ya kituoni.