"Ni Paka Tu": Ugomvi Wangu na Neno la Herufi Mbili

Nina ugomvi na neno "tu". Herufi mbili, halina ngeli, halibebi kiambishi, lakini likikaa mwishoni mwa sentensi linaweza kumtoa mtu nje ya nyumba. Ni mlinzi tu. Ni dada wa kazi tu. Ni mzee tu, kashakula chumvi nyingi. Mimi kwa miezi 16 sasa nimekuwa nikipewa toleo moja: ni paka tu.

Paka mwenyewe anaitwa Chausiku. Ana miaka 14, figo zake zimechoka, meno 3 yameng'olewa, na tangu mwaka jana ana kisukari. Anachomwa insulini mara 2 kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Nikilisema hilo mbele ya waandishi wenzangu, meza nzima hucheka. Kicheko hakinisumbui, paka anayetobolewa sikio ili apimwe sukari anachekesha kweli. Kinachonisumbua ni hoja zinazofuata baada ya kicheko. Ziko tatu, na leo nataka kuzijibu.

Ya kwanza: hayo ni mambo ya Wazungu. Jamani, tangu lini? Wahenga wa pwani ndio waliosema paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi. Mtoto yeyote aliyepita madrasa anakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na anajua kwamba jina Abu Hurayra maana yake ni baba wa kipaka. Tena tusiende mbali, tuangalie sarufi yetu wenyewe. Mtoto anaumwa. Paka anaumwa. Kiti kimevunjika, redio imeharibika, lakini paka tunampa upatanisho uleule tunaompa bibi yetu. Kiswahili kilikwisha kumweka paka miongoni mwa wenye uhai wanaotenda na kutendwa, kabla duka la kwanza la chakula cha kopo halijafunguliwa Masaki. Anayesema kumuuguza paka ni ugeni anapaswa kunionyesha ni lugha gani anayoizungumza.

Hilo "tu" pia lina madhara ya moja kwa moja. Dalili za kisukari cha paka ni kunywa maji mengi, kukojoa sana, na kukonda huku anakula vizuri. Kinapokomaa huweza kugusa neva za miguu ya nyuma, ukamwona anatembea kwa kukanyaga visigino badala ya vidole. Majirani waliomwona Chausiku akilamba maji ya ndoo kila saa walisema, "Kazeeka tu huyo." Figo mbovu nazo huleta kiu, na tezi ya shingoni ikizidisha kazi huleta kiu na kukonda. Magonjwa matatu yanaweza kuvaa nguo moja, na kipimo cha damu na mkojo ndicho kinachoyatenganisha. "Kazeeka tu" haipimi chochote. Inafunga faili.

Hoja ya pili ni nzito, na sitaki kuikwepa. Niliisikia kwenye duka moja la dawa.

"Dada, mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka 14."

"Maskini, mtoto bado."

"Ni paka."

Yule bwana aliirudisha chupa kwenye friji. "Dada yangu, watu wanaikosa hii dawa."

Ni kweli, wanaikosa. Nimeandika habari za watu hao, najua sura zao. Lakini tufanye hesabu. Chupa ya kawaida ya insulini ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Paka mwenye kipimo cha yuniti 1 asubuhi na 1 jioni anatumia yuniti 56 kwa siku 28, na aina nyingi za insulini zikishafunguliwa ndio muda wake huo. Chausiku hashindani na mtu wa Tandale. Dawa ambayo wagunduzi wake waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yake kwa dola 1 imekuja kuwa mzigo mkubwa kwa familia maskini, na mzigo huo umetokana na mpangilio wa soko, bei na sera. Hasira ya kweli ielekezwe huko. Kumwelekezea mnyama wa kilo 3 ni kuchagua adui asiyeweza kujibu.

Tena, tukianza kuulizana nani anadaiwa na nani, daftari litatuaibisha. Mwaka 1921 Banting na Best waligundua dawa hiyo Toronto kwa majaribio ya mbwa. Januari 1922 akachomwa binadamu wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Kisha kwa miongo kadhaa insulini ya watu ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Wanyama wameshalipia chupa hii. Na insulini ya paka inatofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu. Hapo ndipo "tu" inapofaa.

Hoja ya tatu ndiyo hasa iliyonifanya nilete jambo hili kwenu, watu wa vitabu: hatapona, sasa unahangaika nini?

Hatapona, sawa. Wapo paka ambao kisukari chao hutulia hadi wakaacha sindano, hasa wakiwahiwa mapema. Chausiku si mmoja wao. Marafiki wananitumia habari za kidonge cha kisukari cha paka kilichoidhinishwa Marekani Desemba 2022. Nashukuru, lakini onyo la dawa hiyo linasema asipewe paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini. Na kwa paka mwenye maradhi zaidi ya moja, kila tiba inavuta kamba upande wake. Kisukari kinataka protini nyingi na wanga kidogo. Figo zinataka fosforasi ipungue na protini isizidi. Bakuli ni moja. Daktari wetu aliamua kwa swali jepesi: anakubali kula kipi? Kwa sababu paka asipokula siku kadhaa, mafuta hujaa kwenye ini, na hilo linaweza kumwahi kabla ya figo. Na insulini juu ya tumbo tupu inaporomosha sukari. Basi anakula chakula laini cha kopo chenye wanga kidogo, figo zinapimwa kila baada ya miezi 3, na siku akigoma kula, sindano inasubiri mpaka daktari apigiwe simu.

Hata namba zenyewe zinadai akili. Paka akiogopa, sukari yake hupanda. Mpeleke kliniki penye mbwa wanaobweka, utapata kipimo cha hofu. Ndiyo maana madaktari hupima pia fruktosamini, inayoonyesha wastani wa wiki chache zilizopita, na ndiyo maana sisi tunamtoboa sikio nyumbani, akiwa kwenye kanga yake. Kwa mzee kama huyu hatukimbizi namba ya paka kijana. Tunaogopa zaidi sukari kushuka, maana hapo paka huyumba, hutetemeka, anaweza kupoteza fahamu, nawe unampaka asali kwenye fizi huku unatafuta bajaji. Tunachotafuta ni kwamba kiu imepungua, uzito haushuki, na asubuhi anapanda dirishani mwenyewe.

Sasa niambieni, hadithi ya namna hii iko wapi kwenye fasihi yetu? Mgonjwa wa filamu zetu ana njia mbili. Ama anapona kwa dua, mganga au daktari aliyesoma India, ama anakufa ili mirathi igombaniwe. Riwaya nyingi nazo ugonjwa huutumia kama daraja la kufikia tukio. Katikati pale, ambapo hakuna kupona wala kufa, panarukwa. Na ndipo wengi wetu tunapoishi. Hesabu kwenye ukoo wako wangapi wana presha, wangapi wana sukari, wangapi wanameza vidonge ambavyo havitaisha mpaka wao waishe. Maisha yao hayana kilele. Yana friji, saa, na mtu wa kukumbusha.

Lugha inalo neno la hapo katikati: kuuguza. Kutibu na kuponya kunatazama mwisho. Kuuguza kumetoka ndani ya kuugua, ni kukaa na ugonjwa wa mwingine siku hadi siku. Neno lenyewe halisemi kama utashinda. Tumelipa taaluma nzima jina hilo, uuguzi, halafu tunalinyima riwaya.

Wengine hawakulinyima. Doris Lessing, aliyekulia Rhodesia ya Kusini na kupata Nobeli mwaka 2007, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya uzee wa paka wake aliyekatwa mguu wa mbele kwa sababu ya saratani. Alikuwa amevuka miaka 80, na hakuona kwamba anashusha hadhi yake. Alimtazama mnyama mzee mwenye maumivu akijifunza upya mwili wake, akaandika alichokiona. Kwetu mswada wa aina hiyo ungerudishwa na mhariri kwa swali moja: kwa hiyo huyu paka ni ishara ya nini? Ya serikali? Ya ukoloni mamboleo?

Hapana, bwana. Anaumwa.

Sidai kila mwenye paka mgonjwa anunue insulini. Gharama ni kubwa, umeme unakatika na friji nayo inazima, na kuna paka ambaye huruma kwake ni kumpumzisha mapema. Uamuzi huo naweza kuuheshimu kabisa ukifanywa kwa kumtazama yeye. Ninaoukataa ni ule uliofanywa na neno "tu" kabla mtu hajatazama, kwa sababu neno hilo halikai kwa paka. Leo linasemwa kwa mnyama asiyeshika panya tena. Kesho linasemwa wodini kwa mzee asiyeleta tena hela nyumbani. Nimeshalisikia huko, kwa masikio haya, kutoka kwa watu wenye adabu zao.

Chausiku atakufa, pengine kabla ya mvua za masika. Daktari ameshanipa maswali ya kujiuliza: Anakula? Anajilamba manyoya? Bado anakuja watu walipo, au anajificha uvunguni? Jibu likiwa hapana mara tatu, tutaacha sindano. Lakini maswali hayo anaweza kuyajibu mtu aliyekuwa akimwangalia kila siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.