Tomati chini ya plastiki: siye tunasema ndiyo



Kila mwaka mvula ikishaanza kunyesha kabisa, ba mama wa Katuba wanahesabu tomati moja-moja. Fungu yenye ilikuwa na tano inabakia na tatu, na bei ni ile ile. Juu ya nini? Majani ya tomati hayapendi kulowana. Ikinyesha siku tatu, mildiu inaingia, majani yanakuwa meusi, matunda yanaoza. Basi tunangojea kamio za Zambia ku Kasumbalesa. Lakini Zambia nayo, mu mwezi wa pili 2024, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na siye tulisikia ukame ule mu bei ya unga wa bukari.

Wadogo zetu wa darasa lenye kutufuata wanataka shamba la masomo lijengewe sere, ile nyumba ya kulimia, walime fraisi na zabibu za kuuzia wenye pesa. Tulicheka, kisha tukafikiri. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alijengewa nyumba kubwa za vioo ku Laeken kuanzia 1874, zikapandwa mimea ya nchi za joto. Zilikuwa za kutazama, hazikushibisha mutu.

Siye ba finalisti tunataka plastiki, si kioo. Mvula ya mawe ingekivunja siku moja. Fito, plastiki nyeupe juu, pembeni wazi ili joto ya mwezi wa kumi itoke. Maji yanamwagwa ku mizizi, si ku majani. Njo hivyo tu. Na tomati yenyewe ni mgeni, ilitoka Amerika sawa na mahindi, lakini nani anasema bukari si ya kwetu?

Wengine wanasema mvula ni ya Mungu, tusiikingie. Hata kanisa letu lina paa!

Jambo moja linatusumbua kweli: udongo. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi walikuta shaba na kobalti nyingi mu mboga za bustani fulani za muji, na plastiki haiponyeshi hiyo. Tutafute udongo wa mbali, tuutie mu mifuko.

Tunaomba Bwana Prefe atupe mita sita nyuma ya jiko mbele ya mwezi wa kumi. Fito tutakata siye. Fraisi zenu, wadogo, mutapewa kona moja.