Nasaha za Nyumbani: Binti Muuguzi na Neno "Yatosha"



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alifika barazani petu binti mmoja tuliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa bado aking'oka meno ya utoto. Sasa yumo mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Baada ya salamu alisema, "Maalim, baba asema nikipata stashahada yatosha, nirudi nyumbani. Nami nataka kuendelea. Naomba ukaniombee kwake."

Tulimwuliza kwanza ajifunza nini huko. Akatueleza kupima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kukadiria dawa kwa hesabu, kwani nukta ikikosewa mahali pake dawa huwa sumu. Na kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia. Asema hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kiganja, mgongo wa mkono na baina ya vidole. Tukacheka, kwani kupitisha maji baina ya vidole alikujua kwetu katika udhu.

Hapa yatupasa tuseme kweli, ingawa yatuelemea. Binti huyu alipokuwa sekondari, baba yake alitujia kutaka shauri, naye akasoma masomo ya sayansi au asisome. Tulimjibu kuwa mtoto wa kike hana haja na kemia. Alhamdulillahi, mama yake hakulikubali shauri letu. Lau lingefuatwa, mlango ungefungwa. Kwani kwa Tanzania Bara, atakaye kusomea uuguzi hutakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani yake biolojia, kemia na fizikia. Tulichomfundisha sisi ni nuru ya moyo wake, lakini hakihesabiwi katika hayo manne.

Haukupita muda mrefu, mmoja wa watu wa nyumbani mwetu akashikwa na uchungu usiku. Tulipofika hospitali tuliomba mkunga mwanamke. Tukaambiwa aliye zamu usiku ule ni mwanamume. Alimhudumia kwa ujuzi na adabu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini tulikaa nje ukumbini tukijiuliza: huyo mwanamke twamtaka atoke wapi, nasi ndio tunaowazuia mabinti njiani?

Wala kazi hii si ngeni katika Uislamu. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, Saad bin Muadh alipopigwa mshale mkononi, Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema msikitini kwake Madina, kwa Bibi Rufaida aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Hakufichwa mbali na watu. Hema lake lilikuwa msikitini. Naye Bibi Rubayyi binti Muawwidh alisimulia jinsi wanawake walivyotoka pamoja na Mtume kuwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu waliojeruhiwa.

Basi tulikwenda kwa baba yake. Tulimweleza mpango wa binti kama alivyoupanga mwenyewe: amalize miaka 3 ya stashahada, afanye mtihani, asajiliwe na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, atumike wodi ya wazazi, kisha aombe shahada ya chuo kikuu, na mwisho awe mwalimu wa wakunga wengine. Stashahada humwezesha kumzalisha mama mmoja baada ya mmoja. Akiwa mwalimu, kila mkunga atakayemfundisha atakuwa fungu lake la sadaka yenye kuendelea.

Baba alitaja hofu zake: zamu za usiku, gharama, na ndoa. Hatukumdharau, kwani ni hofu za mzazi. Tulimshauri amtafutie binti makazi ya amani karibu na kazi, ahesabu gharama mapema, na atakapokuja mposaji, habari ya masomo isemwe waziwazi kabla ya nikaha, wala si baada yake.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Maalim, kemia ile uliyonikataza, ndiyo hii?"

Tukasema, "Ndiyo hii. Tulikosea."

Akasema, "Basi mwache asome. Tena wewe ndiwe utakayemweleza mposaji."

Tumekubali. Nanyi enyi wazazi, mkitaka mabinti zenu wahudumiwe na wanawake wenye ujuzi na heshima, watoeni kutoka majumbani mwenu. Nanyi vijana, msiwavunje moyo dada zenu.

Wabillahi taufiki.