Deni Lifuate Kalenda ya Shamba

Ndugu zangu wa Sachangwan, nanyi majirani wa Migaa, Kibunja, Salgaa, Mau Summit na Molo mjini: maneno haya ni ya anayedaiwa. Kama hudaiwi, yasome hata hivyo. Huenda wewe ndiye unayedai, au ulimdhamini mtu kwenye Sacco na siku hizi usingizi umekuruka.

Sikuja kumhubiria mtu. Tumehubiriwa vya kutosha. Kila Januari redioni hutokea mtaalamu wa kutuambia tupunguze sukari kwenye chai na tuache kununua tusivyohitaji, kana kwamba mama wa hapa kwetu, penye baridi ya kung'ata hata saa sita mchana, alikuwa akinunua manukato. Nyumba nyingi hapa zilijibana kitambo. Kinachonunuliwa ni unga, chumvi, sabuni, na mafuta ya kupikia ya kupimiwa. Kubana zaidi ya hapo ni kumnyima mtoto uji. Ninachoomba tukiangalie ni kingine: siku ambazo deni linadai na siku ambazo pesa zinaingia hazipatani kabisa.

Shangi, viazi ambavyo wengi wetu tunapanda, hukaa ardhini kama miezi mitatu. Mahindi ya ukanda huu wa juu hukaa zaidi ya nusu mwaka. Maziwa, kwa wanaopeleka kwa ushirika, hulipwa mwisho wa mwezi. Sasa tazama upande wa pili. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ulikuja na siku 30 na ada ya asilimia 7.5, na siku hizo zikipita hujamaliza, ada nyingine inapandishwa juu ya salio. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, ina riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi ulitakiwa urudi ndani ya siku 14. Pikipiki ya mkopo inadai kila jioni. Simu ya lipa mdogo mdogo inadai kila siku, na ukikosa inajifunga ikiwa mkononi mwako. Kwa hiyo aliyekopa pesa za mbegu na dawa ya ukungu anatakiwa kulipa kabla kiazi hakijatunga chini ya shina. Atalipa na nini? Atakopa kwingine. Mnyororo unaanza hapo, na uvivu haumo ndani yake, wala ulafi.

Nimelitaja neno ulafi makusudi, maana jina la mahali hapa limewahi kubandikwa neno hilo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka hapa barabarani, watu wakakimbilia na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mengi yalisemwa kuhusu tamaa. Wachache walikumbuka kwamba mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ghasia za uchaguzi zichome nyumba na maghala ya Molo. Kwamba mwezi uleule Rais Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Na kwamba ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi ambao Wakenya wenyewe wanauita Njaanuari. Sisemi kila aliyekwenda pale alikuwa na deni. Nasema penye dhiki ya namna ile, neno tamaa litumike kwa uangalifu. Uangalifu huohuo ndio ninaoomba tunapomzungumzia jirani aliyekopa kwenye programu tatu za simu kwa mpigo.

Wewe unayedaiwa, nakusihi uchukue daftari. Usiandike kichwani, kichwa cha mdaiwa husahau deni dogo na kukuza lile la aibu. Andika kila mtu unayemdai na kila anayekudai, kiasi, na tarehe. Halafu andika pesa zako zinaingia lini, si ngapi tu.

Tuchukue nyumba ya kubuni, isiwe ya mtu yeyote. Ina ng'ombe wawili, na lita nane za kuuza kwa siku. Tuseme lita ni Sh45, basi mwezi wa siku 30 unaleta Sh10,800. Viazi viko shambani. Madeni ni Sh60,000 za Sacco, Sh14,000 za agroveti, Sh9,000 za mikopo ya simu, Sh4,500 kwenye kitabu cha duka, na Sh18,000 za karo. Jumla Sh105,500. Ukiitazama jumla hiyo kwa mkupuo utazima simu na kupanda gari la kwenda Nakuru usirudi. Lakini si yote yanayotaka kulipwa mwezi huu. Nyumba ikila, ng'ombe wakapata chumvi na dawa, nauli ikatolewa, tuseme Sh6,800 zimekwenda. Zimebaki Sh4,000. Kwanza weka Sh500 pembeni, na hizo hata shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, asizijue. Ni za homa ya mtoto. Nimeona mipango mizuri ya kulipa ikivunjika kwa sababu moja tu, kwamba ililipa kila mtu ikasahau kwamba watu huugua. Mtoto akishikwa na kifua Jumatano, ukikosa Sh500 utabonyeza simu, na mpango umekufa.

Sh3,500 zilizobaki ndizo za wadai. Mimi ningetoa Sh1,500 kwa mikopo ya simu, kwa kuwa ndiyo inayoota ada kila mwezi; Sh1,000 kwa duka, kwa kuwa ndilo linalotulisha wiki ya mwisho ya mwezi; na Sh1,000 kwa shule, zikipelekwa kwa mkono ili mwalimu mkuu auone uso wa mzazi. Agroveti na Sacco wasubiri viazi. Lakini wasisubiri kimya! Mdai anayesubiri bila kuambiwa anahesabu kwamba umemtoroka. Nenda kabla ya tarehe, na daftari mkononi, useme: mavuno yangu ni mwezi fulani, naomba sehemu kubwa ilipwe wakati huo, na kwa sasa nitaleta kidogo hiki. Sacco nyingi husikiliza ombi la kupanga upya likija mapema. Likija baada ya miezi minne ya simu iliyozimwa, akiba za wadhamini zimeshaguswa, na wadhamini wako ni watu mnaokaa nao benchi moja kanisani.

Jihadhari na Fuliza, ule mkopo wa kujazia M-Pesa inapopungua. Tangu ianze Januari 2019 imeokoa wengi njiani, sikatai, lakini utaratibu wake ni kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa inajilipa yenyewe kwanza. Umepanga maziwa yalipe duka na shule. Yanaingia usiku, na asubuhi unakuta nusu imekwenda. Mpango wowote wa kulipa madeni hauna budi kuimaliza hiyo kwanza, kisha kujiondoa, ili pesa ikiingia ikungojee wewe uamue. Madereva wa malori wanaoteremka kutoka hapa kwenda Salgaa wanajua kinachowapata wenzao wanaoachia gia ili kuokoa dizeli: kwa muda lori linakwenda lenyewe na inaonekana ni faida, mpaka breki zinapoitwa na hazipo. Kukopa hapa ili kulipa pale ni safari ya namna hiyo.

Na viazi vyenyewe visiuzwe vikiwa bado kijani. Tunafahamiana: broka anakuja viazi vikitoa maua, anaacha pesa za karo, na siku ya kuchimba yeye ndiye anayetaja bei na yeye ndiye anayeleta magunia. Hilo nalo ni deni, ila halina karatasi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini mkulima mwenye deni ndiye anayekubali lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa sababu hana siku ya kubishana. Shangi haina subira ghalani, huota upesi, ndiyo maana siwezi kumwambia mtu ahifadhi mpaka bei ipande. Naweza kumwambia achimbe pamoja na majirani wawili watatu, wapakie gari moja, waweke mizani. Kaunti na polisi wa barabarani wangetusaidia kwa kusimamisha lumbesa inapopita, badala ya kuiacha ipite kwa sababu wanazozijua.

Kuna sheria ambazo ni zetu na wachache wanaambiwa. Tangu 2022 kampuni za mikopo ya simu ziko chini ya leseni ya Benki Kuu, na haziruhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kuwapigia watu walio kwenye orodha ya majina ya simu yako. Akipigiwa mama mkwe kuambiwa wewe ni mwizi, hiyo ni kesi ya kupeleka Benki Kuu na kwa Kamishna wa Kulinda Data. Kabla ya kukuorodhesha CRB, kwenye kumbukumbu za wakopaji, mkopeshaji anapaswa kukuarifu. Kwa upande wa benki, tangu 2007 mkopo uliokwama hauwezi kuota riba kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama: zilizobaki zikiwa Sh20,000, riba inakoma kwenye Sh20,000, gharama za kuufuatilia zikiwa kando. Na Novemba 2022, mikopo ya simu ya watu zaidi ya milioni 4 ilipokwama, Benki Kuu ilitangaza mpango ambamo taasisi za mikopo zilisamehe angalau nusu ya deni, nusu nyingine ilipwe kidogo kidogo hadi Mei 2023. Mpango huo ulikwisha. Lakini ulituonyesha kwamba hata mwenye jengo la ghorofa anajua nusu ya kweli ni bora kuliko yote ya kwenye karatasi. Basi usione haya kuuliza.

Kwa aliyezidiwa kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 imeweka njia ya kuomba agizo la kulipa kwa awamu, chini ya msimamizi. Likishatolewa, wadai waliomo hawamkimbizi mtu kila mmoja kivyake. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo iko katika Huduma ya Usajili wa Biashara. Haitumiwi sana vijijini. Ningefurahi kumwona chifu akiitaja barazani hata mara moja, kati ya tangazo la chanjo na tangazo la mbwa.

Sasa nigeuke kwa wanaodai, kwa sababu nusu ya mpango wowote iko mikononi mwenu. Mwenye duka, ukiletewa Sh200 badala ya 2,000, zipokee, ziandike, na usizitangaze mbele ya wateja. Mwenye agroveti, unajua shamba la mteja wako kuliko benki; panga malipo yako na mavuno yake, si na mwisho wa mwezi wako. Walimu wakuu, shule nyingi nchini hupokea mahindi na maharagwe kama karo. Viazi, maziwa na kuni navyo vinapikwa jikoni mwa shule. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa Sh3,000 haleti Sh3,000. Anampeleka baba yake kwenye simu.

Mume na mke, semezaneni. Deni la siri ndilo ghali kuliko yote, kwa sababu linalipwa kwa pesa iliyokuwa na kazi nyingine, na anayeshangaa unga umekwenda wapi anaanza naye kukopa kwa siri. Nawaomba hasa wanaume. Wapo wenzetu waliobadilisha laini, waliohamia mji wa mbali, na wapo waliojitoa uhai kwa madeni ambayo mavuno mawili yangeyamaliza. Ukimwona jirani ameacha kuja dukani, ameacha kuja kanisani, anapita njia ya nyuma, usimwulize amekosea nini. Mwulize anadaiwa ngapi, na mkae chini naye na daftari.

Sisi ni hodari wa kuchanga. Mtu akifariki, kikundi cha WhatsApp kinaundwa jioni ileile, na kufikia Ijumaa jeneza limelipwa, hema limelipwa, ng'ombe amepatikana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi tumeongeza ya kwetu: matanga yenyewe tunayalipia kwa furaha, lakini aliye hai na deni la Sh15,000 tunamwachia simu yake. Sisemi tumlipie. Nasema chama chenye akiba kinaweza kununua deni la simu la mwanachama, likazimwa leo, naye akilipe chama baada ya viazi, bila ada ya kila mwezi. Vyama vya tebo banking vina pesa mezani kila kikao. Kumkopesha mwenzako atoke kwenye mkopo mbaya ni kazi halali ya pesa hizo, kuliko kununua sufuria nyingine za mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti na waweka hazina wa vyama kuanzia hapa Sachangwan hadi Kibunja: kikao kijacho, kabla ya mchango kuhesabiwa, tengeni nusu saa. Kila mwenye deni alete daftari lake, na kinachosemwa mle kisitoke mlangoni. Wanachama watakaa kimya mwanzoni, kila mtu akitazama viatu vyake. Mwenyekiti asome la kwake kwanza.