MBIU ISIYO NA JAMBO

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Leo motokaa kuukuu zilizoegeshwa Horohoro, mpakani petu na Kenya, hulia usiku na jambo lenyewe halionekani. Lori limepita likatikisa ardhi, au paka karukia boneti. Majirani wamekwisha zoea. Hakuna anyanyukaye kitandani. Hapo ndipo mwizi apatapo nafasi yake.

Nyingi za motokaa hizi zilitoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Kenya hukataa kuingiza iliyopita miaka 8. Sisi twaipokea kwa ushuru wa ziada. Nyingi za miaka ya 1990 zilitoka kiwandani bila chombo cha kufunga injini, ambacho Ulaya ilikiamuru kwa motokaa mpya mwaka 1998. Chombo hicho hakipigi kelele. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kipande kidogo kisichohitaji betri, nacho husomwa na waya uzungukao tundu la ufunguo. Kikikosekana, injini haikubali kuwaka.

Aliyekikosa hununua alamu dukani, na fundi wa kando ya barabara huifunga kwa haraka. Ubovu huanzia hapo. Nyaya husokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe, kisha chumvi ya pwani huzila. Kihisi cha mtikisiko hutegwa chepesi mno. Betri hufa, na mwenyewe akichoka hung'oa fyuzi. Alilolipia limebaki taa nyekundu imetayo kwenye dashibodi (nayo, haki isemwe, yapendeza macho).

Kutoka Horohoro hadi Mombasa ni kama kilomita 100. Motokaa iliyovushwa kwa njia ya panya imo mikononi mwa polisi wa dola nyingine, na malalamiko ya mwenyewe hayana budi kuifuata kwa barua. Tena wengi hukata bima ile ndogo ya kuwalipa waliogongwa, isiyotoa hata senti kwa wizi. Dereva wa teksi aliyelala na kazi huamka hana, na deni lake lingalipo.

Kwa hiyo twasema fedha itangulie kwenye swichi ya siri ya kukata umeme, king'ora kifuate. Lakini swichi ikatayo pampu ya mafuta, ikifungwa ovyo, yaweza kuzima injini katikati ya mteremko, lori likiwa nyuma. Ikatayo stata haina hatari hiyo, ingawa motokaa ya gia za mkono mwizi aweza kuisukuma ikawaka. Kila mtu apime kwa gari lake. Viungo vya nyaya vichomelewe kwa risasi, na fyuzi iwepo. Naye fundi aandike karatasini ni waya upi alioukata na mahali alipouunga. Mwenye gari aiweke karatasi hiyo nyumbani, si ndani ya gari. Fundi akataaye kuandika asipewe kazi.