Maji ya Chumvi si Kituo cha Reli Tu

Watu wakisikia faharasa ya majina ya miamba wanapiga miayo. Ati hiyo ni kazi ya maprofesa. Mimi nasema ni kazi ya yeyote anayetaka kuchimba kisima Mariakani.

Miamba ya nyuma ya pwani yetu ilipewa majina ya mahali: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Yamo katika ripoti za idara ya jiolojia za miaka ya 1950 alizoandika Caswell, na wataalamu wanayatumia mpaka leo. Maji ya Chumvi ni mwamba wa zaidi ya miaka milioni 200, na jina lake ni onyo la bure. Waliopaita mahali pale hivyo walikuwa wameshayaonja maji kabla mwanajiolojia hajafika na nyundo yake. Lakini mwamba hauishii pale kituoni. Unapita chini ya mashamba yenye majina mengine kabisa, na mwenye shamba atajuaje? Wakati huohuo miamba ya Shimba, ndugu wa kundi hilohilo, inatoa chemchemi ya Marere ambayo imenywesha Mombasa miaka mingi.

Chukua Magarini. Mkenya atakuambia iko Kilifi, upande wa Malindi. Sawa. Ila mchanga wa titani uliochimbwa Kwale hadi Desemba 2024 umo katika tabaka linaloitwa Magarini. Mzee wa Msambweni akitafuta habari za ardhi yake kwa jina la kijiji chake, hapati kitu. Kampuni inaanza na jina la tabaka, kwa hivyo inafika kwenye baraza ikiwa imeshasoma.

Waingereza wana leksikoni ya miamba, Wamarekani wana Geolex. Unaandika jina, unaonyeshwa aliyelitoa, mwaka, mahali mwamba unapoonekana vizuri, na uliitwaje zamani. Bure. GeoRef, iliyoanza 1966, ina mamilioni ya maandishi lakini ni ya kulipia. Mimi nikitaka historia ya jina moja la hapa kwetu napekua ripoti moja moja, na kadhaa nimezisomea kutoka maktaba ya udongo iliyoko Uholanzi!

Wataambiwa wasomaji watafute intaneti. Haya, tafuta Maji ya Chumvi. Utapata stesheni, utapata shida za maji, halafu utagundua kuna wanaoliandika kwa vistari na wanaoliunganisha neno moja.

Hata wataalamu wamelipia mkanganyiko huu. Huko Turkana kuna jivu la volkano liitwalo KBS. Ng'ambo, Omo ya Ethiopia, jivu lilelile likaitwa H2. Miaka ya 1970 walizozana vikali kuhusu umri wa KBS, milioni 2.6 au karibu 1.9, mpaka kemia ya majivu yenyewe ikaonyesha kuwa ni kitu kimoja. Umri mdogo ndio uliosimama.

Ninachodai ni jedwali tu, jamani. Jina, tahajia zake zote, ripoti, mwaka, ramani, na kaunti zote ambazo tabaka linapita, hata zile zisizotajwa katika jina. Maelezo yawe Kiswahili. Lianzie Pwani, na mwenye shamba aweze kulifungua kwenye simu kabla hajalipia mtambo wa kuchimba.